Namna ya kuanza mazoezi ukiwa mnene: mwongozo kwa wakazi wa Kigoma na Ujiji

Maswali ya watu wanene wanaotaka kuanza mazoezi hapa Kigoma ni yale yale. Je, nipungue kwanza ndipo nianze? Nitatembea wapi wakati mji wenyewe umejaa vilima? Nivae nini ili mapaja yasichubuke? Nitawajibu nini vijana wa kijiweni wakianza kupiga kelele? Mwongozo huu unayajibu maswali hayo kwa mpangilio wa kuyafanyia kazi. Umeandikwa kwa ajili ya mtu ambaye hajafanya mazoezi kwa miaka mingi, au hajawahi kabisa, na ambaye mwili wake ni mkubwa leo na huenda ukabaki mkubwa hata baada ya mwaka mzima wa mazoezi.

Swali la kwanza lijibiwe hapa hapa, kwa kuwa ndilo linalowazuia wengi: hakuna haja ya kupungua kwanza. Moyo, mapafu, misuli na viungo hunufaika kwa kutumika, na manufaa hayo huonekana kwenye presha, sukari, usingizi na pumzi hata pale mizani inapoendelea kuonyesha namba ile ile. Mwili ulio nao sasa ndio utakaokubeba katika mazoezi haya, na unastahili kuvishwa vizuri, kulishwa na kupumzishwa kuanzia siku ya kwanza.

Mahitaji kabla ya kuanza

*Vipimo.* Nenda kapime presha na sukari kwenye zahanati, kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni. Unapopimwa presha, angalia mkanda unaofungwa mkononi. Mkanda ukiwa mdogo kuliko mkono wako, hutoa namba kubwa kuliko presha yako halisi, na watu wanene wengi wameambiwa wana presha ya kupanda kutokana na mkanda tu. Sema kwa heshima: "Naomba mkanda mkubwa, huu unanibana." Hilo ni ombi la kitabibu, wala si usumbufu, na mhudumu anayejua kazi yake atakuelewa. Kaa umetulia kwa dakika 5 kabla ya kupimwa, miguu yote miwili ikiwa sakafuni na mkono ukiwa umelazwa juu ya meza.

Ikiwa presha yako imefika 180 kwa 110 au zaidi, usianze mazoezi mpaka upate matibabu na ishuke. Muone daktari kabla ya kuanza pia ikiwa huumwa kifua unapotembea, ikiwa umewahi kuzimia, ikiwa pumzi hukubana usiku ukilala chali, au ikiwa una mimba au umejifungua karibuni. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza vidonge vya glibenklamaidi amuulize daktari namna ya kula na kupanga dozi siku za mazoezi, kwa sababu sukari yake inaweza kushuka ghafla akiwa njiani. Mtu huyo asitoke nyumbani bila sukari ya kulamba au soda ya kawaida mfukoni.

*Raba.* Za mitumba zinafaa kabisa, ilimradi uchague kwa makini. Ishike raba kwa mikono miwili uikunje: inatakiwa kupinda pale vidole vinapoanzia, na ikipinda katikati kama karatasi iache. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba uhakikishe povu la ndani halijafa. Igeuze utazame soli. Iliyolika upande mmoja ilishafuata mwendo wa mtu mwingine, nayo itakuvuta goti. Miguu ya watu wanene huwa mipana na huvimba kidogo ifikapo jioni, kwa hiyo nenda sokoni jioni, vaa zote mbili, simama, na uhakikishe pana nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu.

*Nguo.* Unahitaji taiti inayofika karibu na goti, ya kitambaa kinachovutika na chenye pamba, ili mapaja yasikutane ngozi kwa ngozi. Juu ya taiti vaa unachotaka: dera, suruali pana, fulana ndefu au baibui jepesi. Akina mama wa Ujiji wanaovaa hijabu hawana sababu ya kubadili vazi lao. Watafute ushungi wa kitambaa laini kama cha jezi, usiohitaji pini nyingi, na vazi lisilogusa ardhi ili wasijikwae. Mwenye matiti makubwa anahitaji sidiria pana mabegani, inayoshika bila kukata pumzi. Ikiwa huipati ya saizi yako, vaa mbili, ya pili ikiwa kubwa kidogo kuliko ya kwanza.

*Mafuta ya mgando, maji na kitambaa.* Mafuta hupakwa kati ya mapaja, chini ya matiti, kwapani na chini ya kitambi kabla ya kutoka. Nusu lita ya maji inatosha kwa kuanzia.

*Kiti cha mbao kisichoyumba.* Utakitumia katika hatua ya 5. Usitumie kiti cha plastiki, kwa kuwa miguu yake huteleza na kutanuka kwenye sakafu ya saruji, na mtu mzito akianguka nacho anaweza kuvunjika mkono.

*Daftari na kalamu.* Kwa ajili ya kuandika unachofanya.

Hatua ya 1: Badilisha unachokipima

Weka mizani kando kwa miezi mitatu. Ikiwa daktari amekuagiza kujipima kila siku kwa sababu ya ugonjwa wa moyo au figo, endelea kujipima, kwa kuwa yeye anafuatilia maji mwilini. Wengine wote waache. Uzito hupanda na kushuka kwa chumvi, hedhi, choo na maji, na anayeanza mazoezi huku akiupima kila asubuhi hukata tamaa kabla mwili haujapata nafasi ya kubadilika kwa namna nyingine.

Badala yake, andika kwenye daftari mambo manne: dakika unazotembea bila kusimama, mara unazoweza kuinuka kitini bila kujishika, namna ulivyolala usiku, na presha yako mara moja kwa mwezi.

Katika wiki hiyo hiyo, fungua kabati. Nguo zinazokubana na ulizoziweka kwa ajili ya siku utakapopungua, zitoe. Mpe mdogo wako, mpe jirani, au uzipeleke kwa fundi azitanue kama pindo linaruhusu. Kisha mpelekee fundi kitenge akupime upya kwa vipimo vya leo, bila wewe kuvuta tumbo ndani. Jambo hili linaweza kuonekana liko mbali na mazoezi, lakini mtu ambaye nguo zake zote zinambana hushinda siku nzima akijiona amekosea kuwa na mwili, na mtu wa namna hiyo hapati moyo wa kutoka nje kujishughulisha mbele ya watu.

Hatua ya 2: Chagua njia na saa

Kigoma mjini ni vilima. Barabara inayopanda kutoka stesheni ya reli kwenda Mwanga ni nzuri na ina kivuli cha miembe, ila si ya kuanzia. Kwa miezi ya kwanza tafuta mahali tambarare: mitaa ya Ujiji iliyolala, njia za kandokando ya ziwa upande wa Kibirizi, au uwanja wa mpira wa shule iliyo karibu nawe ukiomba ruhusa. Kibirizi epuka saa ambazo wachuuzi wa dagaa na mizigo ya boti wamejaa, kwa sababu utasukumwa na kulazimika kusimama kila hatua.

Kuhusu saa, kumbuka kwamba tuko magharibi kabisa mwa nchi. Jua letu huchomoza karibu saa moja asubuhi, zaidi ya nusu saa baada ya kuchomoza Dar es Salaam, na kwa hiyo ushauri unaousikia redioni wa kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri unamaanisha giza totoro kwetu. Toka mwanga ukishaanza kuonekana, au jioni baada ya saa kumi na moja, maana jua huzama karibu saa moja. Tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari na bodaboda zinazokuja mbele yako, na vaa kitu cheupe ikiwa mwanga ni hafifu.

Katika mwezi wa Ramadhani, anayefunga asogeze mazoezi baada ya futari, chakula kikishatulia tumboni, na apunguze muda.

Hatua ya 3: Wiki mbili za kwanza, tembea dakika 10

Tembea dakika 10 tu kwa siku, siku tano kwa wiki. Ikiwa dakika 10 ni nyingi, tembea 5 asubuhi na 5 jioni. Ikiwa hata 5 ni nyingi, tembea mpaka nyumba ya tatu, pumzika, urudi. Andika hivyo kwenye daftari bila kujidharau.

Dakika tatu za mwanzo ziwe za mwendo wa polepole, kama mtu anayemsindikiza mgeni. Kisha ongeza mwendo mpaka pumzi ianze kwenda juu. Kipimo cha mwendo sahihi ni mazungumzo: unaweza kusema sentensi nzima, lakini huwezi kuimba. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Ukiweza kuimba ubeti mzima bila taabu, ongeza kidogo. Kipimo hiki kinafanya kazi kwa mtu wa uzito wowote na umri wowote, na hakihitaji saa wala simu.

Mabega yalegee, macho yatazame mbele, hatua ziwe fupi. Hatua ndefu humfanya mtu mzito atue kwa kisigino kwa kishindo, na kishindo hicho hupokelewa na goti.

Onyo: usianze kwa kukimbia. Vikundi vya jogging vya mwishoni mwa wiki vina ukarimu na hamasa kubwa, na huenda rafiki akakuvuta ujiunge siku ya kwanza. Mishipa inayounganisha misuli na mifupa hukomaa polepole kuliko moyo na mapafu, kwa hiyo unaweza kuhisi pumzi inakuruhusu huku kifundo cha mguu kikiwa bado hakijawa tayari. Ukitaka kwenda na kikundi, waambie mapema kwamba utatembea nyuma na utageuza pale utakapoona panatosha.

Hatua ya 4: Jiandae kwa maneno ya watu

Nimeiweka hatua hii hapa, katikati ya kazi, kwa sababu wengi wanaoacha huacha katika wiki ya pili au ya tatu, na wengi wao hawasemi kwamba miguu iliuma. Wanasema waliona aibu.

Maneno huja kutoka pande mbili. Upande wa kwanza ni wa wapita njia: vijana wa kijiweni na wa bodaboda wanaoita "bonge" au wanaohesabu hatua zako kwa sauti. Njia iliyowafaa wengi ni kuwawahi kwa salamu. Unapokaribia kijiwe, kabla hawajasema lolote, sema: "Habari za asubuhi, wanangu," au "Hamjambo, vijana?" Kwa malezi yetu, kijana aliyesalimiwa na mtu mzima analazimika kujibu, na mara nyingi atasema "Shikamoo, mama" au "Shikamoo, mzee" hata kama mdomo wake ulikuwa umeshajiandaa kwa jambo jingine. Baada ya siku kadhaa unakuwa mtu wao anayepita kila asubuhi. Kama pana kijiwe ambacho hata salamu haikitulizi, badilisha mtaa bila kujilaumu. Huna wajibu wa kuwathibitishia chochote.

Upande wa pili ni mgumu zaidi kwa sababu hutoka kwa wanaokupenda. Kwetu unene husifiwa: aliyenenepa baada ya kuolewa ameambiwa amenawiri, na mume wake amepongezwa kwa kumtunza. Akionekana anafanya mazoezi, shangazi atauliza kama ndoa ina matatizo. Akipungua hata kidogo, majirani watanong'ona kwamba anaumwa, na sote tunajua ni ugonjwa gani wanaoufikiria. Haifai kuwachukia kwa hilo. Wameona ndugu wengi wakikonda kabla ya kufa. Wape jibu moja, fupi, usilibadilishe: "Shangazi, sitafuti kukonda. Naimarisha magoti na presha yangu." Jibu hilo ni la kweli ukifuata mwongozo huu, na halimpi mtu nafasi ya kubishana juu ya umbo lako.

Lipo na neno la tatu, lile unalojiambia mwenyewe. Ukijikuta unasema mbele ya watoto kwamba mwili wako ni mbaya, au unaomba radhi kwa kuchukua nafasi kwenye siti ya daladala, acha. Sogea kadiri inavyowezekana, msalimie uliyekaa naye, ukae. Mtoto anayemsikia mama yake akiutukana mwili wake hujifunza kuutazama wake kwa jicho lile lile, na atakapofika umri wa kunenepa au kuota matiti hatakuwa na neno jingine la kuuambia.

Hatua ya 5: Kuanzia wiki ya tatu, ongeza muda na uanze mazoezi ya nguvu

Kutembea: wiki ya 3 na ya 4 dakika 15, wiki ya 5 na ya 6 dakika 20, wiki ya 7 na ya 8 dakika 25, kuanzia wiki ya 9 dakika 30. Dakika 30 kwa siku tano ni dakika 150 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha chini kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa watu wazima. Shirika hilo hilo linasema pia kwamba kufanya kidogo ni bora kuliko kutofanya kabisa, kwa hiyo anayeishia dakika 15 asidhani amepoteza muda. Ongeza muda kwanza. Mwendo utaongezeka wenyewe.

Nguvu: mara mbili kwa wiki, siku zisizofuatana, fanya mazoezi manne yafuatayo uani au sebuleni.

1. *Kuinuka kitini.* Hili ndilo zoezi la maana kuliko yote, na linastahili kufanywa kwa utulivu. Egemeza kiti cha mbao ukutani. Kaa nusu ya mbele ya kiti, miguu iachane zaidi ya upana wa mabega ili tumbo lipate nafasi kati ya mapaja, na vidole vitazame nje kidogo. Vuta nyayo nyuma mpaka visigino viwe chini ya magoti. Inamisha kifua mbele, pua ipite juu ya vidole vya miguu, utasikia uzito ukihama kutoka makalioni kwenda nyayoni. Hapo ndipo usukume sakafu na kusimama, huku ukitoa pumzi. Kushuka kuwe taratibu, hesabu moja mpaka tatu, na makalio yaguse kiti bila kujitupa. Ikiwa huwezi bila mikono, jisukume kwa mikono mapajani. Ikiwa bado ni vigumu, ongeza mto au blanketi lililokunjwa juu ya kiti ili kiwe kirefu. Fanya mara 5, pumzika dakika moja, rudia.

2. *Kusukuma ukuta.* Simama urefu wa mkono kutoka ukutani, viganja vikiwa usawa wa kifua. Pinda viwiko, sogeza kifua ukutani, rudi. Mara 8.

3. *Kuinua visigino.* Shika mgongo wa kiti, panda juu ya vidole, shuka polepole. Mara 10.

4. *Kubeba madumu.* Chukua madumu mawili ya lita 5, moja kila mkono, yakiwa na maji nusu, utembee kutoka mlangoni mpaka getini na kurudi, mgongo ukiwa wima. Kila baada ya wiki mbili ongeza maji kidogo.

Kila zoezi liongezwe marudio mawili kwa wiki kama halikuachi na maumivu ya viungo siku ya pili. Misuli kuwa mizito siku moja au mbili ni kawaida. Maumivu makali ndani ya goti au nyonga si ya kawaida. Ya goti yameelezwa chini, katika sehemu ya "Ukikwama".

Hatua ya 6: Kuanzia mwezi wa nne, tumia mlima

Sasa unaweza kuipanda ile barabara ya kutoka mjini kwenda Mwanga. Ipande kwa vituo: kutoka kivuli cha mwembe mmoja mpaka kingine, pumzika, endelea. Ukifika juu, panda daladala urudi chini.

Daladala hiyo si uvivu. Kupanda mlima hufanyisha kazi moyo na misuli ya mapaja, lakini kushuka ndiko kunakobebesha goti mzigo mkubwa, kwa sababu kila hatua mguu unapaswa kuuzuia mwili mzima usitangulie. Wanaolalamika magoti baada ya kupanda mlima mara nyingi waliumia wakati wa kurudi. Ukilazimika kushuka kwa miguu, fupisha hatua, pinda goti kidogo, na uteremke kwa kukatiza barabara kimshazari pale ambapo hakuna magari.

Makosa yanayorudiwa mara nyingi

Kujifunga nailoni au mkanda wa kubana tumboni ili kutoa jasho. Kinachotoka ni maji, na yatarudi ukinywa. Kwa joto letu, mtu mnene aliyejifunga nailoni anaweza kuzidiwa na joto mpaka akaanguka.

Chai na vidonge vya kupunguza tumbo. Nyingi ya chai hizo ni dawa za kuharisha tu. Vidonge vya kuuziwa mkononi huenda vikawa na dawa zisizoandikwa kwenye kopo, na zipo zinazopandisha presha na kuuendesha moyo mbio.

Kutoka na njaa ili "kuchoma mafuta". Kula kitu chepesi saa moja au zaidi kabla: ndizi mbili, uji, au kiazi kitamu. Na ukirudi, kula chakula chako cha kawaida. Ugali wa muhogo na migebuka si adhabu ya kufutwa kwa kutembea zaidi, wala mawese hayana dhambi.

Kumeza diklofenaki kabla ya kutoka ili magoti yasiume. Dawa hiyo huficha onyo la mwili, huumiza tumbo na figo ikitumiwa mara kwa mara, na hupandisha presha.

Kuingia ziwani bila tahadhari. Ni kweli kwamba kutembea ndani ya maji yanayofika kifuani huwapumzisha wenye magoti mabovu, kwa sababu maji hubeba sehemu kubwa ya uzito. Lakini Ziwa Tanganyika lina kichocho kwenye fukwe nyingi zenye majani na maji yaliyotulia, na kuna sehemu zenye mamba. Usiingie peke yako, usiingie mahali ambapo wenyeji hawaogi, na ukiwa umezoea kuingia, nenda hospitali ukapime kichocho. Dawa yake ipo.

Ukikwama

*Mapaja yamechubuka.* Osha kwa maji safi, kausha kwa kupapasa bila kusugua, paka mafuta ya mgando, na usitembee na nguo hiyo tena bila taiti. Pumzika siku moja. Mazoezi ya ukutani yanaweza kuendelea.

*Ngozi chini ya matiti au kitambi inawasha, imekuwa nyekundu au nyeusi na ina harufu.* Huenda ni fangasi. Oga mara tu urudipo, kausha mikunjo mpaka iwe kavu kabisa, weka kitambaa safi cha pamba katikati ya mikunjo, na uulize duka la dawa krimu ya klotrimazoli. Isipopona baada ya wiki mbili, pima sukari.

*Goti linauma.* Likiuma wakati wa kutembea lakini likatulia ndani ya siku moja, punguza muda kwa theluthi na urudi njia tambarare, ila usiache kuinuka kitini, kwa kuwa misuli ya paja ndiyo inayolishika goti. Likivimba, likikwama au likikuachia ghafla, nenda hospitali.

*Kisigino kinauma asubuhi ninapokanyaga mara ya kwanza.* Usitembee peku sakafuni. Kabla ya kushuka kitandani, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako kwa kitambaa cha khanga, hesabu 30, mara tatu kila mguu. Angalia pia raba yako kama imelika.

*Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwenye shavu la mguu.* Usiukande wala usiufanyishe mazoezi. Huenda damu imeganda kwenye mshipa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

*Natetemeka, natoka jasho baridi na macho yanafifia, nami nina kisukari.* Kaa chini, lamba sukari au kunywa soda ya kawaida mara moja, usubiri dakika 15. Kama hali haijabadilika, rudia na uombe msaada.

*Kifua kinabana, maumivu yanakwenda kwenye mkono au taya, au nahisi kuzimia.* Simama, kaa, muite mtu aliye karibu, upelekwe hospitali kwa gari au bajaji. Usijaribu kutembea mpaka nyumbani kwanza.

*Mvua haziishi.* Kuanzia Novemba mpaka Aprili hilo litatokea mara nyingi, na barabara za udongo huteleza. Tembea ndani au barazani kwa dakika zile zile, au gawanya muda: dakika 10 za kupiga hatua papo hapo, kisha mazoezi manne ya nguvu.

*Nimekosa.* Ukikosa siku tatu au nne, endelea pale ulipoishia. Ukikosa wiki mbili kwa ugonjwa, msiba au safari, rudi nyuma kiwango kimoja katika hatua ya 5. Ukikosa miezi miwili, anza tena na dakika 10 na upime presha kabla ya kutoka.

*Miezi mitatu imepita na sijapungua hata kilo moja.* Fungua daftari. Linganisha dakika, mara za kuinuka kitini, usingizi na presha ya wiki ya kwanza na za sasa. Ikiwa hata kimoja kati ya hivyo kimekuwa bora, mazoezi yanafanya kazi yake na hakuna cha kubadilisha. Ikiwa vyote vimesimama pale pale, peleka daftari lenyewe kwa daktari, umuonyeshe ulichofanya, na umuombe akuchunguze tezi ya shingo, upungufu wa damu na usingizi wako, hasa kama wenzako nyumbani husema unakoroma na kukatika pumzi usiku.